Mikebe ya Hajati Maimunah na Saa Elfu Mbili

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Hajati Maimunah Abudu, fundi mkuu wa koili na ombwe katika kituo chetu cha majaribio hapa Mengo, Kampala, atarudisha glovu zake stoo na kustaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane na miezi minne. Nataja glovu kwa sababu mimi ndiye mtunza stoo, na orodha ya vitu anavyotakiwa kurudisha ina kurasa tatu. Kamati ya jarida iliniomba niandike wasifu huu kwa kuwa, walisema, hakuna anayemjua Hajati kama mimi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyegombana naye kama mimi, na kamati ikaona ni kitu kilekile.

Kwa wageni watakaosoma haya siku ya sherehe bila kujua tunachofanya: tunatengeneza injini ndogo za umeme za kusukuma setilaiti zikiwa angani. Injini yenyewe inakaa vizuri kwenye kisahani cha kikombe. Inapewa gesi kidogo, umeme unaichaji gesi hiyo na kuirusha nyuma kwa kasi kubwa mno, na setilaiti inasogea mbele polepole. Nguvu yake haitoshi kuangusha kikombe mezani, lakini huko juu hakuna hewa ya kuizuia, kwa hiyo ikisukuma miezi na miezi inafika mbali. Na kwa kuwa haiwezi kufanya kazi penye hewa, tunaijaribu ndani ya tangi kubwa la chuma ambalo pampu zimekwisha kulinyonya hewa yote. Kazi ya Hajati imekuwa kusuka koili za sumaku za injini hizo, kuziunga injini zenyewe, na kuhakikisha tangi halivuji.

Hakuanza na setilaiti. Alianza Kisenyi, kwenye karakana ya baba yake, Mzee Abudu, ambako alijifunza kusuka mota akiwa na miaka kumi na minne. Watu walileta mota za mashine za kusaga zilizoungua, wakamkuta binti wa Kinubi amekaa juu ya kreti na waya wa shaba magotini, wakamwuliza fundi yuko wapi. Alikuwa akiwaambia wakanywe chai kwanza, fundi atakuja. Waliporudi walikuta mota inazunguka na fundi bado hajatokea.

Mwaka 1997, kituo hiki kilipokuwa bado kinatengeneza friji na pampu za zahanati, alikuja kuomba kazi. Kamati ya usaili ilimwomba vyeti, na hakuwa navyo. Akaondoka, akarudi baada ya saa moja na mota ya pampu aliyoisuka wiki ile, akaiweka mezani na kuichomeka kwenye umeme. Mota ikaunguruma, ikatembea yenyewe hadi ukingoni mwa meza na kummwagia mwenyekiti chai mapajani. Mwenyekiti, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, aliandika kwenye fomu kwamba mwombaji ameonyesha uwezo. Fomu hiyo ipo kwenye faili mpaka leo, na doa la chai lipo.

Mambo ya anga yalikuja na Dokta Abwola, mkuu wetu wa sasa, aliyerudi kutoka masomoni na boksi la michoro na mashine mpya ya kusuka koili. Siku ya kuizindua, mashine ilisuka koili moja na Hajati akasuka nyingine, kisha zikapimwa. Mashine hiyo tunaitumia kuuzuia mlango wa stoo usijifunge. Dokta hakuona haya kukubali kwamba vidole vilivyokulia kwenye mota za Kisenyi, na jioni vikasuka vikapu vya Kinubi, vinajua waya unataka kulala vipi. Tangu siku hiyo hakuna injini iliyoungwa hapa bila koili zake.

Wafanyakazi wapya humkumbuka zaidi kwa ukaguzi wa mikono. Ombwe, yaani ule utupu wa ndani ya tangi, ni kitu chenye kinyongo. Ukigusa ukuta wa ndani wa tangi kwa kidole chenye mafuta, mafuta yale yatatoa mvuke siku nzima na pampu hazitamaliza kazi. Kuna wiki presha ya tangi ilikataa kushuka kwa siku nne. Wahandisi walitafuta mahali panapovuja, wakafungua kila nati, wakabadilisha kila mpira. Hajati alikuja na tochi, akaingiza kichwa, akaona alama ya dole gumba inang'aa ukutani, akageuka na kumwuliza Injinia Travis asubuhi ile ya Jumatatu alikula nini. Travis alikuwa amekula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, na glovu alizikumbuka baadaye.

Kuanzia hapo kila anayekaribia tangi hunyoosha mikono mbele kama mtoto wa shule ya msingi, Hajati anaikagua pande zote mbili na kucha. “Leta mikono, Injinia. Hii tangi haikuli chapati,” ndiyo salamu aliyompa Travis kwa miaka sita. Dokta Abwola naye hunyoosha. Kuna mgeni wa heshima, mkubwa wa serikali ambaye sitamtaja, aliyekuja na walinzi na wapiga picha akarudishwa bombani mara mbili. Picha ya gazeti ilimwonyesha akijifuta mikono, na maelezo ya chini yalisema anafurahia utafiti.

Sasa nije kwenye mikebe, ambayo ndiyo sababu ya mvi zangu.

Wahandisi wetu ni watu wazuri na wote ni wezi. Wao huita kuazima. Skrubu ya titani iliyosubiriwa miezi mitano ilionekana nyumbani kwa mmoja wao ikishikilia mlango wa kabati. Mimi dawa yangu ilikuwa kufuli na daftari. Hajati dawa yake ilikuwa uongo. Kila kitu cha thamani alikiviringisha kwenye kitambaa safi, akakificha ndani ya mkebe ulioandikwa jina la kitu kingine. Skrubu zilikuwa ndani ya mkebe wa majani ya chai. Washa za kauri, zile pete ndogo za kukaa chini ya skrubu, zilikaa kwenye sukari, waya wa dhahabu kwenye kakao. Mikebe ilijipanga rafuni kwake, thelathini na kitu, na mtu aliyetaka chai ya kweli ilibidi afungue ule ulioandikwa “Misumari”.

Mfumo huo ulikuwa na gharama zake. Injinia Travis, akiwa na wiki mbili kazini, alijitengenezea chai kutoka mkebe wa maziwa ya unga na kulalamika kwamba maziwa ya Kampala hayayeyuki. Ulikuwa unga wa kauri tunaotengenezea sehemu za injini. Daktari alisema hauna madhara, watu wengine huuweka hata kwenye poda za uso. Hajati alimfariji kwa kumwambia kwamba unga huo unavumilia joto la digrii elfu mbili, kwa hiyo tumbo lake lisijisumbue kupigana nao. Nilimwandikia barua tatu za kumtaka aache mikebe. Alizijibu zote kwa heshima, na nina hakika nakala zake zimo ndani ya mkebe ulioandikwa “Biskuti”.

Nimetaja utani wake kwanza kwa sababu ndio unaoonekana. Kilichokuwa moyoni mwake ni kingine. Miaka yote hii tumekuwa tukitafuta injini moja itakayowaka saa elfu mbili ndani ya tangi, maana hakuna mwenye setilaiti atakayepokea injini isiyofika hapo. Ya kwanza iliwaka sekunde kumi na moja. Mwanga wa bluu ulitokea kwenye dirisha la tangi, watu wazima wakakumbatiana, ukazimika. Ya pili ilitoa cheche kuliko gesi. Ya tatu ilifika saa mia nne. Ya nne tusiizungumzie mbele ya wageni. Ya tano ilifika saa mia tisa na sita, kisha ikapasuka pete, ile duara ya kauri nyeupe ambamo gesi hupita. Gesi huila pete hiyo kidogo kidogo, na pete ikiisha injini imekufa. Kwa hiyo kwa injini ya sita tuliagiza pete ya aina mpya, ngumu zaidi. Wenye setilaiti, ambao wanataka kupima maji ya maziwa yetu kutoka juu, walisema watangoja mpaka mwisho wa Septemba, baada ya hapo watanunua injini kwingine.

Januari, wakati wa chai, Hajati alisema mbele ya watu wote kwamba hatatoka kwenye geti hili kabla ya kuona moja ya injini zake imefika elfu mbili. Alisema bila kucheka, na yeye ni mtu wa kucheka. Dokta Abwola aliandika mara mbili kuomba aongezewe muda. Majibu yalikuja yakisema miaka sitini ni miaka sitini.

Injini ya sita ikawashwa tarehe 24 Februari. Aliiunga mwenyewe, akaiwasha mwenyewe, na ilikuwa tamu. Umeme wa mji ulikatika mara kadhaa, tukaiwasha tena, ikaendelea kama haikusikia. Machi ikaisha, Aprili ikaisha. Kila asubuhi Hajati alikuwa akipita dirishani pa tangi, anatazama ule mwanga wa bluu, anasoma kaunta ya saa, halafu anakuja stoo kunitangazia namba kana kwamba ni mjukuu aliyeongezeka kilo. Hesabu ilikuwa kwamba elfu mbili ingefika karibu tarehe 23 Mei. Kadi za mwaliko zilichapishwa. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliiandika wakati huo, na ilikuwa na sentensi ndefu sana kuhusu ushindi.

Jumatano ya tarehe 14 Mei, kaunta ikiwa imefika saa 1,790, nilikwenda kwenye kona yake na orodha yangu ya kurasa tatu ili tuanze makabidhiano. Alikuwa akifungua mkebe mmoja mmoja, mimi naandika. Tulicheka sana. Nilipata vitu nilivyokwisha kuviandikia ripoti za kupotea. Tukafika kwenye mkebe wa hamira. Akafunua kitambaa, na ndani yake kulikuwa na pete nyeupe, mpya kabisa. Akaigeuza, akatazama alama iliyo upande wa nyuma, akakaa chini.

Nitaeleza alivyonieleza. Pete mpya ilipofika, Mei ya mwaka jana, Hajati alikuwa na wiki mbili kabla ya kwenda Hija. Aliwaza wiki zote hizo ambazo hatakuwepo, akawawaza wahandisi, akafanya alichozoea kufanya. Pete ya kweli aliificha kwenye hamira. Kwenye kisanduku rasmi cha stoo, chenye muhuri wangu, akaweka pete ya zamani ya mazoezi, kwa kuwa kwa mbele zinafanana kama mayai mawili. Alikusudia kuzirudisha mahali pake akirejea. Yeye mwenyewe husema alikwenda Makka kusamehewa mambo yote, na hili likafutika pamoja na mengine. Februari, siku ya kuunga injini, alikuja stoo kuchukua kisanduku, nikamfungulia kufuli mbili, na akafunga pete ya zamani kwenye injini kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nimelinda pete ya mazoezi miezi tisa.

Mnielewe vizuri hapa. Injini ilikuwa ikifanya kazi, namba zilikuwa nzuri, zilibaki siku tisa. Lakini saa zile 1,790 hazikuwa za injini tutakayoipeleka. Zilikuwa za nyingine, yenye pete ambayo hatuna tena ya kufanana nayo, na kuhusu pete mpya tulikuwa hatujui chochote. Watu waliojua hivyo duniani walikuwa wawili, na wote walikuwa wamekaa kwenye kona ile.

Nataka kuandika nilichosema, kwa sababu wasifu wa mtu kama Hajati hauwezi kuandikwa na mtu anayejificha. Nilimwambia, “Hajati, funika huo mkebe. Mimi sijaona kitu.” Nilisema kwa upendo, na nilikuwa nimekosea. Nilimtakia ile tarehe 23 kuliko alivyojitakia yeye mwenyewe.

Hakunikemea. Aliifuta pete kwa kitambaa, taratibu, kama mtu asiye na haraka, akasema, “Phelister, hii kitu inaenda juu. Huko hakuna fundi.”

Halafu akasimama na kwenda ofisini kwa Dokta Abwola, pete mkononi, na mimi nyuma yake na kurasa zangu tatu. Alieleza mwanzo mpaka mwisho bila kumsingizia mtu, hata wahandisi, ambao kwa mara ya kwanza walistahili kusingiziwa kidogo. Dokta aliuliza kaunta inasema ngapi, akaambiwa. Akauliza kama tukianza upya tutawahi Septemba, Hajati akasema tutawahi, ila hakuna nafasi ya kuanza mara ya tatu. Dokta akavua miwani, akasema, “Basi kazime, Hajati.” Akaenda kuzima. Nilimwona akisimama dirishani baada ya ule mwanga wa bluu kutoweka, na sikumsogelea, maana nilikuwa nalia na sikutaka anitanie.

Kuanza upya si kubonyeza swichi. Tangi lilipozwa, likafunguliwa, likasafishwa kwa vitambaa na spiriti mpaka kwenye pembe. Mikono ilikaguliwa mara mbili zaidi ya kawaida, na Hajati alijikagua wa kwanza, mbele yetu, huku akijiuliza kwa sauti amekula nini. Injinia Travis alishika tochi wiki nzima na hakuazima hata washa moja. Pete mpya nilimkabidhi mimi, nikiwa nimegeuza kisanduku na kusoma alama ya nyuma kwa miwani na bila miwani. Jumatatu ya tarehe 9 Juni, baada ya Idi, injini ikawaka tena na kaunta ikaanza na sifuri.

Mikebe nayo imeisha. Alikaa siku mbili akiandika upya kila kibandiko, na sasa skrubu zimo kwenye mkebe unaosema skrubu. Wahandisi wamechanganyikiwa kabisa. Juzi wawili walifungua mkebe wa “Misumari” wakitafuta majani ya chai, wakakuta misumari, wakanijia mimi kulalamika.

Siku ninapomaliza kuandika haya kaunta inasoma saa 371. Siku ya mwisho ya Hajati haitafika hata mia tano. Elfu mbili, kama itafika, itafika mwanzoni mwa Septemba, wakati yeye atakuwa nyumbani Bombo na vikapu vyake na wajukuu wake. Hataiona kama mfanyakazi wa hapa. Dokta alipendekeza sherehe hii isogezwe mpaka Septemba ili aagwe na ushindi. Hajati alikataa, akisema injini isipewe mzigo wa kuwafurahisha wageni. Mimi inaniuma, na sitajifanya hainiumi. Mtu aliyesuka koili za injini zote sita anaondoka kwenye geti lile bila kitu alichokitaka, na aliyemzuia kukipata ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, siku ambayo kunyamaza kungetosha.

Ametuomba jambo moja. Injini ikizima kwenye saa 1,999, mtu asiandike elfu mbili.

Kwa niaba ya kituo kizima, wakiwemo wezi wote wa skrubu, asante, Hajati, kwa miaka ishirini na minane, kwa koili, kwa mikono yetu iliyo safi. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na chai inayotoka kwenye mkebe wa chai. Septemba nitakupigia simu. Sijui nitakutajia namba gani, wala sijui nitakuwa nacheka au nalia, lakini itakuwa ileile iliyoandikwa kwenye kaunta.

Phelister Ondiek
Stoo Kuu